Samaki Wamekwisha, au Wavuvi Hawakutoka?

Kuanzia mwezi wa Aprili au Mei hivi, mazungumzo ya aina moja hurudi pale soko la samaki la Feri, Dar es Salaam. Mama lishe anamshika changu mkiani, anamgeuza huku na huku, anauliza bei, kisha anamrudisha mezani taratibu. "Huyu changu au dhahabu?" Muuzaji hana maneno mengi: "Kusi hiyo, mama. Bahari chafu." Bwana mmoja aliyesimama nyuma yao anatoa hukumu bila kuombwa: samaki wamekwisha, bahari imemalizwa na mabomu na makokoro. Mwingine analalamika kwamba Mamlaka ya Hali ya Hewa, TMA, imetangaza upepo mkali na mawimbi tangu juzi, na jua linawaka kama kawaida. Wa mwisho amesikia kwamba huko visiwani bahari "imefungwa", ila hajui nani ameifunga wala kwa kufuli gani.

Wote wanazungumzia bei ya samaki mmoja, lakini kila mtu ameshika jambo lake: upepo, wingi wa samaki, utabiri, sheria. Yakichanganywa hivyo hayaeleweki. Nitajaribu kuyatenganisha, na ili nisiseme bahari nzima kwa jumla jumla, nitakaa Mafia, kisiwa chenye urefu wa kilomita 50 hivi kinachotazamana na delta ya mto Rufiji.

Maneno kwanza

Bahari chafu haina uhusiano na takataka. Ni bahari yenye mawimbi makubwa, isiyotulia. Kinyume chake ni bahari shwari. Mvuvi anaposema bahari imechafuka hasemi kwamba samaki wamekimbia. Anasema yeye hawezi kwenda, au anaweza kwenda lakini si kule alikozoea. Tofauti hii ndogo ndiyo inayobeba makala yote, kwa hiyo naomba msomaji aiweke mfukoni.

Kusi ni upepo utokao kusini-mashariki, unaovuma takriban kuanzia Aprili hadi Septemba na ushee. Kaskazi hutoka kaskazini-mashariki, takriban Desemba hadi Machi. Katikati kuna tangambili, ambayo wengine huiita maleleji: wiki chache ambazo upepo haujaamua, leo unatoka huku, kesho kule, na mara nyingi bahari hulala kama maji ya karai. Tangambili ya Oktoba na Novemba ndiyo wavuvi wengi huisubiri kwa hamu, kwa sababu ile nyingine ya mwezi wa tatu na wa nne huja na masika.

Mkumbo wa pili wa maneno ni wa maji yenyewe. Maji hujaa na kupwa mara mbili kwa siku. Bamvua ni siku ambazo yanajaa sana na kupwa sana. Maji mafu ni siku ambazo hayaendi mbali, yanapanda kidogo na kushuka kidogo. Nitarudi hapo.

Kisiwa kimoja, bahari mbili

Ukiitazama Mafia kwenye ramani utadhani ni kisiwa kidogo ambacho hali ya bahari yake lazima iwe moja. Sivyo. Upande wa magharibi, ulipo mji wa Kilindoni, maji ni ya kina kifupi na yana rangi ya chai ya maziwa wakati wa mvua, kwa sababu Rufiji humwaga huko tope la karibu moja ya tano ya Tanzania. Delta hiyo ndiyo yenye msitu mkubwa kuliko yote wa mikoko katika Afrika Mashariki. Tope linaonekana baya kwa mtalii anayetaka maji ya buluu, lakini ndani yake mna mbolea. Mbolea inalisha vimea vidogo visivyoonekana kwa macho, vimea vinalisha dagaa na uduvi, na hao wanalisha kila mwenye meno.

Upande wa mashariki ni habari nyingine kabisa. Kuna miamba ya matumbawe, kisha bahari inadidimia ghafla na kuwa maji makuu. Huko ndiko wanakopita jodari na nguru. Kusini-mashariki kuna ghuba ya Chole, yenye visiwa vya Chole, Juani na Jibondo, iliyozungukwa na miamba na yenye milango michache tu ya kutokea baharini.

Sasa leta kusi. Mabaharia huita upande unaopigwa na upepo joshini, na upande uliokingwa demani. Kusi ikivuma, mashariki yote ya Mafia iko joshini na magharibi iko demani. Kwa hiyo siku hiyo hiyo, saa hiyo hiyo, mvuvi wa Kilindoni anaweza kuwa anatega wavu huku anapiga soga, na mwenzake wa upande wa pili ameivuta ngalawa yake hadi chini ya minazi. Anayeuliza "Mafia bahari ikoje leo?" ameuliza swali lisilo na jibu moja.

Kwa nini kusi inachafua bahari kuliko kaskazi? Sababu moja ni nguvu: kusi kwa kawaida ni kali zaidi na haipumziki. Sababu ya pili ni umbali. Puliza chai iliyo ndani ya kikombe, utaona vikunyanzi tu. Puliza maji yaliyo kwenye sinia pana, mkunyanzi unaoanzia huku unakuwa wimbi dogo likifika kule. Upepo unahitaji uwanja ili ulee wimbi. Kusi inakuja na Bahari ya Hindi nzima mgongoni mwake. Wimbi linalopiga Juani asubuhi huenda lilizaliwa mbali sana, siku kadhaa nyuma, mahali ambapo hakuna mtu wa kuliona. Ndiyo maana wakati mwingine upepo unatulia lakini mawimbi yanaendelea kuja. Yalikwisha kuanza safari.

"TMA wametudanganya, jua linawaka"

Tangazo lenyewe watu wengi wa pwani wamelikariri: upepo mkali unaofikia kilomita 40 kwa saa na mawimbi makubwa yanayofikia mita 2 katika baadhi ya maeneo ya ukanda wa pwani, kisha inatajwa mikoa, Mafia ndani yake, pamoja na Unguja na Pemba. Mtu anasikia, anachungulia dirishani Kariakoo, anga jeupe, anacheka.

Kosa la kwanza ni kudhani kwamba hali mbaya ya hewa maana yake mvua. Wimbi halihitaji wingu. Siku nyingi za kusi, hasa Juni na Julai, ni kavu, zina jua na ubaridi mzuri wa kipupwe, na bahari imechafuka vibaya. Kosa la pili ni kuruka maneno "baadhi ya maeneo", ambayo nimekwisha yaeleza kwa joshi na demani.

Kosa la tatu ndilo la hatari, nalo linawahusu hata wanaoamini tangazo. Watabiri wa bahari duniani wanapotaja urefu wa mawimbi, kwa desturi hawataji wimbi kubwa kuliko yote. Wanachukua theluthi ya mawimbi yaliyo makubwa zaidi na kutaja wastani wake. Maana yake ni kwamba katika bahari ya mita 2, wimbi moja moja linaweza kupita mita 3 na kukaribia mara mbili ya ile iliyotajwa. Ubavu wa ngalawa unapanda juu ya maji shibiri chache tu. Ngalawa haizamishwi na wastani. Inazamishwa na lile moja.

Wapo pia wanaosema visiwa vyetu havijui vimbunga. Ni kweli kwamba ukanda wetu uko karibu mno na ikweta, na huku mzunguko wa dunia hausaidii sana upepo kujisokota, kwa hiyo vimbunga vingi huishia Msumbiji na Madagaska. Lakini Unguja ilipigwa vibaya mwezi wa Aprili 1872, minazi na mikarafuu ikalala, na tarehe 4 Mei 2024 kimbunga Hidaya kilifika Mafia yenyewe, bahati nzuri kikiwa kimepungua nguvu. "Ni nadra" ni jambo moja, "hakuna" ni jambo jingine.

Saa ya mwezi

Hapa ndipo ninapopapenda mimi, kwa sababu watu wa pwani wana saa ambayo haihitaji betri.

Mwezi na jua vyote huvuta maji ya bahari, mwezi zaidi kwa kuwa uko karibu. Vikipangana katika mstari mmoja, yaani mwezi unapoandama na unapokuwa mpevu, vinavuta pamoja kama watu wawili kwenye kamba moja. Hapo tunapata bamvua, na kilele chake hufika siku moja au mbili baadaye. Mwezi ukiwa nusu, jua linavuta upande wake na mwezi upande wake, maji yanabaki kati, hayajui yamtii nani. Hayo ndiyo maji mafu. Katika pwani yetu tofauti kati ya kujaa na kupwa kwenye bamvua kubwa hupita mita 3, kimo cha dari ya nyumba. Siku za maji mafu unaweza kuona mita moja tu.

Kila siku maji huchelewa kwa dakika 50 hivi. Siku za bamvua, katika pwani ya Tanzania, maji hujaa karibu saa kumi alfajiri na tena saa kumi jioni, na hupwa karibu saa nne asubuhi na saa nne usiku. Sasa zidisha dakika 50 kwa siku saba: ni saa sita kasoro dakika kumi. Kwa hiyo wiki moja baadaye mambo yamegeuka, maji yanajaa saa nne na kupwa saa kumi, tena kwa unyonge. Mzee wa Jibondo ukimwambia leo ni mwezi kumi na tano, kwa kalenda ya Kiislamu, hahitaji kuona bahari ili akwambie maji yako wapi. Ukimwambia ni tarehe 15 Juni, hujamwambia kitu.

Na saa hiyo ndiyo inayopanga nani avue nini. Asubuhi ya bamvua, saa nne kasoro, wanawake wanashuka pwani na vyuma vyao vyembamba na ndoo. Mwamba ambao juzi ulikuwa chini ya maji uko wazi, unang'aa, una harufu ya mwani. Mmoja anasimama mbele ya tundu ambalo wewe ungelipita bila kuligutukia. Ameona vipande vya magamba ya kaa vimepangwa mlangoni, mabaki ya chakula cha jana. Anaingiza chuma polepole, anachokoa, anasubiri, na mkono wa kwanza wa pweza unajizungusha kwenye chuma. Ana saa mbili, labda tatu, kabla bahari haijarudi kudai mahali pake. Siku za maji mafu mwanamke huyo hana kazi baharini, hata kama pweza wako wengi kuliko jana.

Mvuvi wa mshipi kwenye maji marefu yeye hupenda kinyume chake. Kwenye bamvua maji yanakimbia, na chubwi yake, kile kipande cha risasi cha kuzamisha mshipi, haifiki chini, inakokotwa pembeni kama tiara. Maji mafu yakija, chubwi inashuka wima hadi kwa changu na chewa. Kwa hiyo mtu akisema "siku hizi mbili hakuna samaki", muulize kwanza: samaki gani, na kwa chombo gani?

Bamvua na kusi vikikutana huleta jambo ambalo wageni hawalijui. Ghuba ya Chole inapokupwa, maji yote yale yanatafuta kutoka kupitia milango ya miamba kama mlango wa Kinasi, na yanatoka kwa kasi. Nje yake mawimbi ya kusi yanaingia. Maji na upepo vinagombana mlangoni. Wimbi ambalo kwenye bahari wazi lingekuwa pana na mviringo linabanwa, linasimama wima, linavunjika. Nahodha anayejua husubiri maji yageuke, hata kama amebeba samaki wanaoharibika.

Dagaa na mbalamwezi

Dagaa wana kalenda yao, na bei yao hupanda na kushuka kwa mwezi kuliko kwa jambo jingine lolote. Dagaa huvuliwa usiku kwa taa, zamani karabai, siku hizi taa za betri au jenereta. Umewahi kuona kumbikumbi baada ya mvua wanavyoizingira balbu ya barazani? Dagaa hufanya hivyo hivyo. Vijidudu vya baharini vinakusanyika kwenye mwanga, dagaa wanavifuata, wavu unawazunguka wote. Lakini balbu ya barazani ina maana usiku tu. Iwashe saa sita mchana, hakuna kumbikumbi atakayeitazama. Mbalamwezi hufanya bahari nzima iwe na mwanga, taa ya mvuvi inakosa mvuto wake, dagaa wanatawanyika.

Ndiyo maana siku kadhaa kabla na baada ya mwezi mpevu vyombo vingi vya dagaa hupumzika, nyavu zinashonwa, mabaharia wanakwenda kuona wake zao. Dagaa hawakuhama. Ila hawakukusanyika. Mnyororo huu ni mrefu kuliko tunavyodhani: kule Unguja dagaa huchemshwa kwa chumvi na kuanikwa, na wanunuzi wakubwa ni wafanyabiashara wanaowapeleka Jamhuri ya Kidemokrasia ya Kongo. Mama wa Lubumbashi anayeshangaa bei huenda anashangaa mbalamwezi ya Bahari ya Hindi.

Samaki mkubwa kuliko wote aliyejificha

Mfano bora wa kosa letu kubwa uko mbele ya Kilindoni. Kati ya Oktoba na Machi hivi, papa potwe huonekana huko karibu na ufuko, wakifumbua midomo mipana na kuchuja vijidudu na uduvi. Ni samaki mkubwa kuliko samaki wote duniani, mpole, mwenye madoa mgongoni ambayo kwa kila mmoja ni tofauti, kama alama za vidole. Kusi ikianza, anatoweka. Kwa miaka mingi jibu lilikuwa moja: wanahama, wanakwenda zao mbali.

Watafiti wakawafunga baadhi yao vifaa vidogo vya kutoa sauti, wakatega visikilizi chini ya bahari kuzunguka eneo hilo. Ikaonekana kwamba wengi hawakuwa wameondoka. Miezi ambayo hakuna aliyewaona walikuwa bado jirani na kisiwa, ila mbali zaidi na ufuko na chini zaidi. Samaki wa mita kadhaa, mzito kuliko gari, alikuwa yupo na macho yetu yanasema hayupo. Kama huyo anaweza kutupotea, basi ni wepesi wetu tu kudai tunajua changu wako wangapi kwa kutazama meza ya muuzaji.

Meza ya muuzaji hupima safari zilizofanyika, haipimi samaki walioko baharini. Maembe yakikosekana sokoni wiki ya mvua kubwa hatusemi miembe imekauka, tunajua barabara ya shamba imekatika. Kusi ni barabara iliyokatika. Tena inakatika mara mbili, kwa sababu hata samaki aliyevuliwa upande wa demani anahitaji barafu na chombo cha kuvuka kwenda bara, na vyombo navyo vinaogopa mawimbi.

Lakini bwana yule ana hoja

Ningeishia hapo ningekuwa nimewapa wavuvi na serikali usingizi mzuri, na isingekuwa haki. Kwa sababu kosa hilo linakwenda pande zote mbili. Ikiwa meza tupu haithibitishi kwamba samaki wamekwisha, basi meza iliyojaa nayo haithibitishi kwamba wapo.

Chukua mfano wa kubuni. Kaskazi ya kwanza vyombo 10 vinatoka, kila kimoja kinarudi na kilo 40. Sokoni zimefika kilo 400. Miaka michache baadaye vyombo vimekuwa 20, kila kimoja kinarudi na kilo 25. Sokoni zimefika 500, watu wanafurahi, gazeti linaandika uvuvi umeongezeka. Baharini kila safari imepoteza zaidi ya theluthi ya mavuno yake. Wataalamu ndiyo maana hawapendi kuuliza "mmevua kiasi gani?" peke yake. Wanagawa kwa idadi ya safari, saa zilizotumika, au nyavu zilizotegwa.

Hata hesabu hiyo inaweza kudanganya. Mvuvi aliyeweka mashine anafika mwamba wa mbali ambao ngalawa ya tanga haikuufikia, na anarudi na kilo zile zile. Kilo hazikupungua, umbali umeongezeka. Nao samaki wa makundi, kama vibua na dagaa, ni wadanganyifu zaidi, kwa sababu hata wakipungua huendelea kujikusanya. Wavu unalizunguka kundi, unajaa, mvuvi anashukuru, na huenda hilo ndilo kundi la mwisho mwisho katika eneo lile.

Kisha kuna suala la umri, ambalo sokoni halizungumzwi kabisa. Dagaa wengi maisha yao ni kama mwaka mmoja hivi, wanazaliana haraka, wanasamehe haraka. Chewa ni kiumbe kingine. Anakua taratibu kwa miaka, na chewa wengi huanza maisha wakiwa majike, kisha baadhi yao, wakubwa, hugeuka madume. Ukivua wakubwa tu kwa sababu ndio wenye bei hotelini, umewatoa madume karibu wote. Neno "samaki" linawaweka dagaa na chewa katika kapu moja, ndiyo maana mabishano ya "wamekwisha" na "hawajaisha" hayaishi. Kila mmoja ana samaki wake kichwani.

Na mabomu? Hayo sina utetezi nayo. Baruti haiui samaki tu, inabomoa mwamba ambao ndio nyumba, shule na jiko lao, na mwamba haujengwi kwa mwaka. Kuna pigo jingine ambalo mvuvi hana hatia nalo: joto la bahari la 1998 liliyafanya matumbawe mengi ya Mafia yapauke na kufa. Mwamba uliokufa unaendelea kusimama kwa muda, samaki wanaendelea kuonekana, kisha unabomoka kidogo kidogo.

Nani amefunga bahari?

Neno "kufunga" linatumika kwa mambo ambayo hayafanani. Tahadhari ya TMA haifungi bahari. Ni taarifa, ingawa mamlaka za vyombo zinaweza kuitumia kuzuia vyombo vidogo visitoke. Hifadhi ya Bahari ya Kisiwa cha Mafia, ya kwanza ya aina yake Tanzania, iliyoanzishwa 1995, nayo haikufunga kila mahali. Imegawa eneo katika kanda: zipo ambazo hakuna kuvua kabisa, na zipo ambazo wenyeji wanavua kwa zana zinazoruhusiwa.

Kufunga kunakoleta maneno mengi zaidi ni kule kwa vijiji, hasa kwa ajili ya pweza. Kijiji kinakubaliana, mara nyingi kupitia kamati yake ya uvuvi, kwamba mwamba fulani usiguswe kwa miezi mitatu hivi. Mwamba mmoja, si bahari yote. Pemba, kwa mfano Kisiwa Panza, wamefanya hivyo. Kwa nini miezi mitatu tu, wakati chewa angehitaji miaka? Kwa sababu pweza anaishi mwaka mmoja na kidogo. Anakua kwa pupa: mdogo wa nusu kilo anaweza kuongezeka uzito maradufu katika muda wa mwezi au zaidi kidogo. Jike hutaga mara moja tu maishani. Hujifungia tunduni, analinda mayai bila kula, na yakianguliwa naye anakufa. Ukimchokoa wiki moja kabla umechukua kilo moja na nusu ya nyama na maelfu ya watoto ambao hawakuonana na bahari. Sheria ya Tanzania Bara inakataza kuvua pweza aliye chini ya gramu 500, lakini tunduni hakuna mizani.

Faida yake inaonekana haraka, ndiyo maana vijiji vinapenda. Hasara yake haisemwi sana. Yule mama wa saa nne asubuhi, aliyekuwa akipata pweza wawili watatu kila bamvua kwa ajili ya daftari na chumvi, ndiye anayefunga mkanda kwa miezi mitatu. Siku ya kufungua, ambayo kwa kawaida hupangwa iangukie bamvua, wanakuja vijana wenye miwani ya kuzamia, wengine kutoka vijiji vya mbali, na kabla ya adhuhuri mwamba umekwisha kuchokolewa wote. Vijiji vilivyofikiria vizuri hutenga saa au sehemu ya wanaovua kwa miguu. Ambavyo havikufikiria, mwaka wa pili wanawake hupiga kura ya hapana.

Turudi Feri, kwenye ile meza. Mama lishe akitaka kujua kama bei ni ya kusi au ni ya jambo kubwa zaidi, bei yenyewe haitamwambia. Maswali mawili kwa muuzaji yatamsaidia zaidi: mlitoka mara ngapi wiki hii, na mmevua wapi? Jibu likiwa "tumetoka siku mbili tu, hapo hapo tulipozoea", na changu mezani ana urefu wa mkono hadi kiwiko, hiyo ni kusi, asubiri Oktoba. Jibu likiwa kwamba wametoka siku zote, wamekwenda mbali kuliko mwaka jana, na wamerudi na hawa wa kiganja, basi yule bwana wa nyuma aliyehukumu bila kuombwa hakukosea sana.